Chupa tatu zilizoliwa lebo: alkoholi hukatikia wapi?

Mwaka mmoja tulirudi kutoka likizo ya Juni, katika shule niliyokuwa nikifundisha hapa Dodoma, tukakuta mchwa wamepanda hadi kwenye kabati la kemikali. Chupa hawakuziweza, ila lebo za karatasi walizimaliza zote. Nyingi tulizitambua kwa rangi: kopa salfeti ya bluu, pamanganeti ya zambarau, daikromati ya rangi ya chungwa. Zikabaki tatu zilizotushinda. Zote zilikuwa za kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu kali ya pombe. Daftari la stoo lilionyesha kwamba zilipokelewa siku moja: butani-1-oli, butani-2-oli na 2-methilipropani-2-oli. Zote tatu ni alkoholi, jamii ya kemikali ambamo imo pia ethanoli, ile ya kwenye pombe. Fomula yao ni moja, C4H10O. Uzito wa molekuli ni mmoja, 74.

Vijana wa kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), walikuwa wamezunguka meza. Mmoja akasema, "Mwalimu, si tuzimwage tu tuagize nyingine?" Nikamwambia hapana, hizi ndizo zitakuwa mtihani wenu wa wiki nzima.

Nimeikumbuka wiki ile kwa sababu mimenyuko ya alkoholi ni mada ambayo wanafunzi wengi huimeza kama orodha. Na sodiamu inatoa haidrojeni. Na daikromati inageuka kijani. Na asidi ya salfuriki inatoa etheni, au etha, kutegemea joto. Orodha ikishachanganyika kichwani, hakuna pa kuanzia kuipanga upya. Kumbe swali la kujiuliza kila mara ni moja: katika molekuli hii, ni kifungo kipi kinachokatika?

Tuitazame molekuli kwa mfano wa mikono, maana ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Kaboni ina mikono minne, oksijeni miwili, haidrojeni mmoja. Katika alkoholi, oksijeni imeshika kaboni kwa mkono mmoja na haidrojeni kwa mkono wa pili. Oksijeni ni mchoyo wa elektroni, inazivutia kwake kutoka pande zote mbili, kwa hiyo vifungo vyake viwili ndivyo vyepesi kuingiliwa. Hapo tuna sehemu mbili za kukatikia: kati ya oksijeni na haidrojeni, na kati ya oksijeni na kaboni. Ipo ya tatu ambayo watu huisahau, nayo ndiyo itakayotusaidia sana: haidrojeni iliyoshikwa na ile kaboni yenyewe iliyobeba oksijeni.

Kaboni hiyo ndiyo inayoipa alkoholi daraja lake. Ikiwa imeshikana na kaboni moja tu nyingine, alkoholi ni ya daraja la kwanza. Ikishikana na mbili, daraja la pili. Ikishikana na tatu, daraja la tatu, na hapo mikono yake minne imejaa: kaboni tatu na oksijeni moja. Haina haidrojeni hata moja. Shika hilo, tutalirudia. Chupa zetu tatu ni za daraja la kwanza, la pili na la tatu, kwa mfuatano ule wa daftari.

Dalili ya kwanza tuliipata hata kabla ya kugusa kemikali. Ilikuwa asubuhi ya Julai, wakati upepo wa Dodoma unakata masikio, na chupa moja kati ya zile tatu ilikuwa imeganda. 2-methilipropani-2-oli huyeyuka kwenye nyuzi 25 hivi, kwa hiyo Novemba unaimimina kama maji na Julai unaikuta imekuwa donge jeupe. Wenzake wawili hawagandi mpaka chini ya nyuzi 80 za hasi. Tukaipa chupa hiyo alama ya kiulizo kwa chaki, tukaiacha juani iyeyuke.

Kabla sijaenda kwenye sodiamu, niseme jambo moja kuhusu kuchemka, kwa sababu limewahi kuwafanya wanafunzi wangu watupe vipimajoto vizima. Vitabu husema ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78. Propani, ambayo haina oksijeni lakini uzito wa molekuli yake unakaribiana kabisa na wa ethanoli (44 kwa 46), huchemka kwenye nyuzi 42 za hasi. Tofauti hiyo kubwa inatokana na ile haidrojeni iliyonyang'anywa elektroni na oksijeni: inavutwa na oksijeni ya molekuli ya jirani, molekuli zinashikamana, na kuziachanisha kunahitaji joto. Lakini ukipima hapa Dodoma hupati 78. Tupo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, hewa inakandamiza kidogo kuliko Dar es Salaam, na ethanoli inachemka karibu na nyuzi 75, kama vile maji yanavyochemka karibu na 96. Mwanafunzi anayeandika 75 ameandika kweli, na mwalimu asimkate alama.

Sasa sodiamu. Ni metali laini, unaikata kwa kisu kama sabuni ya mche, na uso uliokatwa unang'aa kwa muda mfupi sana kabla haujafifia. Vijana walikuwa wameshaiona kwenye maji kidato cha chini: inaelea, inakimbia huku na huku ikiwa imeyeyuka kuwa kipira, mara nyingine inawaka. Wakakata punje za ukubwa wa mtama, wakarudi nyuma hatua mbili, wakadondosha moja kwenye testityubu ya ethanoli kavu.

"Mwalimu, imezama!"

Ndiyo, inazama. Sentimita moja ya ujazo ya sodiamu ina gramu 0.97, ya maji ina gramu 1.00, ya ethanoli 0.79. Ikatulia chini, ikatoa viputo vidogo kwa utaratibu, mfululizo, kama soda iliyofunguliwa. Ukikusanya gesi hiyo na kuiwasha inapiga "pop" ya haidrojeni. Kilichokatika ni kifungo cha kwanza, kati ya oksijeni na haidrojeni, na sodiamu imekaa mahali pa haidrojeni. Ukiukausha ule myeyusho unabaki na unga mweupe wa sodiamu ethoksaidi.

Kwa nini ni taratibu kuliko kwenye maji? Kwa sababu lile kundi la kaboni linaisukumia oksijeni elektroni. Oksijeni iliyoshibishwa namna hiyo haiachii haidrojeni kwa urahisi. Kwa sababu hiyohiyo, katika chupa zetu tatu, ya daraja la kwanza ilitoa viputo kwa kasi zaidi na ya daraja la tatu ikawa mvivu kuliko wote. Lakini zote tatu zilitoa viputo, na kutofautisha haraka na polepole kwa macho ni kubahatisha. Sodiamu ilituhakikishia tu kwamba tuna alkoholi, nasi hilo tulikuwa tunalijua. Faida nyingine ya upole huu ni ya stoo: vipande vya sodiamu vilivyobaki huharibiwa ndani ya alkoholi, kidogo kidogo, mbali na moto. Usivitupe kwenye sinki.

Kipimo cha pili ndicho chenye utajiri wote. Potasiamu daikromati iliyotiwa asidi ya salfuriki ina rangi ya chungwa bivu. Ikifanya kazi ya kuoksidisha, kromiamu yake inapokea elektroni na rangi inageuka kijani. Tukaweka matone katika testityubu tatu, moja kwa kila chupa, tukazisimamisha ndani ya bika ya maji ya moto.

Maji ya moto, wala si mwali wa moto. Mvuke wa spiriti ya asilimia 96 unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 17 hivi, na mchana wa Dodoma uko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Miaka ya nyuma, kwenye shule nyingine, nilimwona kijana akishikilia testityubu ya ethanoli moja kwa moja juu ya taa. Mdomo wa testityubu ukawaka, akashtuka, akaiachia. Ethanoli ikasambaa mezani na moto wake ni wa bluu iliyofifia. Pale dirishani penye jua hatukuuona. Tulijua kwa joto usoni na kwa daftari lililoanza kujikunja pembeni. Tulifunika kwa taulo lililolowa, ukazimika, hakuumia mtu. Tangu siku hiyo sijaruhusu mwali kukaa meza moja na alkoholi.

Ndani ya dakika chache testityubu mbili ziligeuka kijani. Ya tatu, ile ya chupa yenye alama ya kiulizo, ilibaki chungwa. Tukaongeza maji ya moto. Chungwa vilevile.

Hapa ndipo ile sehemu ya tatu ya kukatikia inapojionyesha. Kuoksidisha alkoholi ni kuiondolea haidrojeni mbili kwa pamoja: moja ya kwenye oksijeni, nyingine ya kwenye kaboni iliyobeba oksijeni. Mikono iliyoachwa wazi inashikana yenyewe kwa yenyewe, na kaboni inajikuta imeishika oksijeni kwa mikono miwili. Alkoholi ya daraja la tatu haina hiyo haidrojeni ya pili. Daikromati inakuja, haikuti cha kuondoa. Ya daraja la pili inayo moja, ikishatoka inakuwa ketoni, na safari inaishia hapo. Ya daraja la kwanza inazo mbili: ikipoteza moja inakuwa aldehidi, na bado inabaki na nyingine, kwa hiyo inaendelea mbele kuwa asidi.

Kwa ethanoli, kituo cha kati ni ethanali na mwisho wa safari ni asidi ya ethanoiki, ile ya kwenye siki. Ukitaka kuishia kituo cha kati lazima uitoe ethanali kwenye chombo mara inapozaliwa, kwa kuikeneka, yaani kuichemsha itoke kama mvuke kisha kuupoza mvuke huo. Kazi hiyo ni ngumu kwetu: ethanali huchemka kwenye nyuzi 20 tu, na chini kidogo ya hapo kwa mwinuko wetu, kwa hiyo mchana wa Oktoba inapotea hewani kama chombo cha kupokelea hakijazungukwa na barafu. Ukitaka asidi, unafanya kinyume: unaweka kondensa, bomba la kupozea mvuke, wima juu ya chupa, mvuke unapanda, unapoa, unarudi kuchemka tena mpaka kila kitu kimeoksidishwa.

Safari hiyohiyo inafanyika pasipo maabara. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anaijua vizuri. Hamira inakula sukari ya juisi na kutoa ethanoli na kaboni dayoksaidi. Hewa ikizuiwa unapata mvinyo. Acha chombo wazi, bakteria wa siki wanaingia, wanatumia oksijeni ya hewani, na ethanoli inakuwa asidi ya ethanoiki. Mvinyo umechacha, tunasema. Haukuoza, umeoksidishwa.

Ini la binadamu nalo linapita njia hiyo kwa vimeng'enya: ethanoli, ethanali, ethanoiti. Na methanoli, alkoholi yenye kaboni moja tu, nayo inapitishwa njia hiyohiyo, na hapo ndipo msiba ulipo. Methanoli kwenye ini inakuwa methanali, kisha asidi ya methanoiki, ambayo inazizuia seli kutumia oksijeni, na mshipa wa fahamu wa jicho ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuharibika. Ndiyo maana watu waliokunywa gongo iliyochanganywa na spiriti ya viwandani hupofuka au kufa, tena mara nyingi saa nyingi baadaye, wakiwa wamedhani yamekwisha. Huwezi kuitambua kwa pua wala kwa ulimi. Hospitali zina dawa ya kukishikilia kile kimeng'enya kisiigeuze methanoli, na kinachookoa ni kuwahi. Mwanafunzi akielewa kwa nini daikromati inageuka kijani, ameelewa pia kwa nini jirani yake alipoteza macho.

Hata kipimo cha ulevi cha trafiki kilianzia kwenye rangi hizi. Mwaka 1954 Mmarekani Robert Borkenstein alitengeneza kifaa kilichopitisha pumzi ya dereva kwenye daikromati na kupima rangi ilivyobadilika. Vifaa vya siku hizi vinavyotumika barabarani vingi vinaoksidisha ethanoli juu ya platinamu na kupima umeme unaotoka. Daikromati yenyewe naiheshimu na kuiogopa. Kromiamu yake husababisha saratani. Glavu, kiasi kidogo, na mabaki yakusanywe kwenye chupa yake.

Turudi mezani. Tulishaijua ya daraja la tatu. Zilizobaki mbili zote zilikuwa kijani, na kijani hakisemi ni ketoni au asidi iliyotokea. Tukaenda kwa kipimo cha Lucas, kilichoitwa kwa jina la Howard Lucas aliyekielezea mwaka 1930: asidi ya haidrokloriki iliyokolea, ndani yake zinki kloridi kavu.

Safari hii kinachokatika ni kifungo cha pili, kati ya kaboni na oksijeni. Kundi la OH, yaani oksijeni pamoja na haidrojeni yake, haliondoki kwenye kaboni likiwa OH. Asidi inalipa haidrojeni moja ya ziada, linakuwa molekuli ya maji, na maji yanaondoka bila taabu. Kaboni inabaki na upungufu wa elektroni mpaka kloridi ije kuushika mkono ulioachwa. Kipindi hicho cha upungufu kaboni inaegemea majirani zake wa kaboni, ambao wanaisukumia elektroni. Mwenye majirani watatu anahimili. Mwenye wawili anahimili kwa shida. Mwenye mmoja hahimili, kwa hiyo kwenye joto la kawaida maji hayaondoki kabisa. Kloridi inayotokea haiyeyuki katika ule myeyusho, ndiyo maana unaona ukungu.

Chupa yenye kiulizo: ukungu papo hapo, mweupe kama maji ya mchele. Ya pili ilikaa, tukahesabu kwa saa ya ukutani, ukungu ukaanza kabla ya dakika ya tano. Ya tatu ikabaki safi mpaka kipindi kikaisha.

Hapa nilisimama kwa muda mrefu zaidi ya ratiba, kwa sababu hapa ndipo orodha ya kukariri inapomwangusha mtu. Alkoholi ileile iliyogoma kwenye daikromati ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye Lucas. Anayekariri kwamba "daraja la tatu haimenyuki" ameshapotea. Haimenyuki pale panapohitajika haidrojeni ya kwenye kaboni, kwa kuwa haina. Inamenyuka kuliko zote pale panapohitajika kaboni inayoweza kuiachia oksijeni, kwa kuwa ina majirani watatu wa kuiegemea. Sababu ni moja, zile kaboni tatu, na matokeo ni mawili yanayopingana kwa macho.

Esta, kitu kinachopatikana alkoholi ikiungana na asidi, tuliifanya kwa ethanoli, nje ya mashindano ya chupa. Ethanoli, asidi ya ethanoiki, matone machache ya salfuriki iliyokolea, maji ya moto dakika kadhaa, kisha unamwaga kwenye bika yenye maji ya magadi. Magadi yanachemkachemka yakila asidi iliyobaki, na juu inaelea esta yetu, ethili ethanoiti, yenye harufu tamu, kati ya tunda na gundi. Asidi na alkoholi zimeungana na kutoa maji. Mmenyuko huu unarudi nyuma pia: ukianza na kiasi sawa cha alkoholi na asidi, unaishia na theluthi mbili tu za esta. Salfuriki inaharakisha, na pia inayanyonya maji ili kuuvuta mmenyuko upande wa esta.

Lakini oksijeni iliyoko kwenye yale maji ni ya nani, ya alkoholi au ya asidi? Kwa karatasi tu huwezi kujua. Mwaka 1938 Irving Roberts na Harold Urey walitumia oksijeni nzito, ile ya uzito 18, ili kuifuatilia, wakaona kwamba oksijeni ya maji hutoka kwenye asidi. Alkoholi inabaki na oksijeni yake. Kwa hiyo kwenye esta alkoholi hukatikia kati ya oksijeni na haidrojeni, kama kwenye sodiamu, ingawa vitu hivi viwili kwa macho havifanani hata kidogo.

Kuondoa maji kwa salfuriki iliyokolea sikuwafanyisha, niliwaeleza ubaoni. Kwenye nyuzi 170 kifungo cha kaboni na oksijeni kinakatika, haidrojeni ya kaboni ya jirani inatoka pia, na ethanoli inakuwa etheni. Kwenye nyuzi 140, ethanoli ikiwa nyingi, molekuli moja inakamatwa na nyingine kabla haijafika huko, unapata etha, ambayo mvuke wake unatambaa mezani na kuwaka kwa mbali. Shule ikitaka etheni, njia salama ni kupitisha mvuke wa ethanoli juu ya aluminiamu oksaidi ya moto, na kuondoa neli inayopeleka gesi kwenye maji kabla ya kuzima joto, la sivyo maji yanavutwa hadi kwenye kioo cha moto na kinapasuka. Etheni ndiyo gesi inayoivisha matunda. Anayevundika ndizi kwa kuzifunika pamoja na chache zilizoiva, kabla ya kuzipeleka Soko la Majengo, anaitumia hiyohiyo.

Ikabaki kuthibitisha. Iodini pamoja na sodiamu haidroksaidi hutoa mashapo ya njano, yenye harufu ya dawa ya kidonda, kwa alkoholi ambayo kaboni yake iliyobeba oksijeni ina haidrojeni na imeshikana na kundi la CH3. Ethanoli inatoa, methanoli haitoi. Katika zetu tatu ni butani-2-oli peke yake inayostahili. Tuliweka matone, tukapasha kidogo kwa maji ya uvuguvugu, na testityubu ya ile iliyotoa ukungu kabla ya dakika ya tano ikajaa njano.

Vijana wakaandika lebo tatu mpya kwa penseli, wakazifunika kwa selotepu. Mlinzi akatuletea oili chafu, tukapaka miguu ya kabati.